NJIA YA MWONGO NI FUPI: SOMO LA MATAIRI MAKUBWA NA MAFUTA

Mwaka huu mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alitutaka tuandike masomo ambayo msomaji anaweza kuyatumia hata akiwa nje ya darasa. Wenzangu wamechagua ngeli, tarakilishi na ufugaji wa nyuki. Mimi nimechagua pikapu ya shule, na jinsi ya kuipunguzia ulaji wa mafuta baada ya kuvishwa matairi makubwa kupita kipimo chake. Tafadhali usigeuze ukurasa ukisema, "Aah, hayo ni ya mafundi." Ndani ya somo hili mna hesabu nyepesi, fizikia kidogo, na heshima ya mtu mzima ambayo sisi wanachama nusura tuivunje mbele ya wazazi.

CHANZO CHA MAMBO

Shule yetu iko kaskazini, kupita Isiolo. Kutoka langoni mpaka lami kuna kilomita 20 za changarawe, na laga mbili za kuvuka. Ukishika lami unabakisha kilomita 73 kufika mjini Isiolo. Kwa hivyo kwenda na kurudi ni kilomita 186. Pikapu yetu ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu yote manne, hufunga safari hiyo mara mbili kwa wiki. Ndiyo huleta unga, maharagwe na vitabu. Ndiyo hukimbiza wagonjwa hospitalini.

Mwaka jana mvua zilipokolea, gari lilikwama lagani usiku likiwa na mwenzetu mgonjwa. Namshukuru Mungu alipona, lakini wakubwa waliapa kwamba jambo hilo lisirudie tena. Muhula uliofuata gari likavuliwa matairi yake ya zamani na kuvishwa mengine mapana, marefu, yenye meno kama ya trekta. Siku hiyo tulishangilia. Gari lilikuwa limetuna kama jogoo!

Shangwe haikudumu. Katika daftari la safari, gari lilikuwa likienda kilomita 10 kwa kila lita. Sasa hesabu ikaonyesha kilomita 8.4 tu. Bursa alipopiga hesabu aliona lita 3.3 zinapotea kila safari. Kwa muhula wa wiki 13 hizo ni karibu lita 86, yaani zaidi ya mitungi minne ya lita 20. Nani mwenye ufunguo wa tangi? Dereva. Basi kidole kikamwelekea yeye. Ikasemwa ana mpira wa kunyonyea mafuta, ikasemwa ana wateja njiani. Akaambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea, mzee ambaye ametubeba miaka na mikaka.

Na sisi wanafunzi? Tulimbandika jina la "Mzee Dizeli." Chama chetu kikaanza kutunga igizo la kuchekesha la Siku ya Wazazi, kuhusu dereva mwizi. Mimi mwenyewe ndiye niliyepewa sehemu ya dereva, na nilikuwa nimeshajua kutembea kama yeye.

KUULIZA SI UJINGA

Mlezi wetu aliposoma igizo hakukasirika. Alisema tu, "Lugha yenu hapa ni ya kubahatisha. Hamjui hata sehemu za gari zinaitwaje. Nendeni mkasome daftari la safari, mzungumze na fundi, kisha mniletee msamiati." Tukaenda shingo upande.

Tulipokuwa tukipekua lile daftari, msichana mmoja wa Kidato cha Pili akauliza, "Kwani Isiolo imesongea karibu?" Tukamcheka. Akatuonyesha kwa kidole. Kurasa zote za zamani zilisema: Isiolo na kurudi, kilomita 186. Kurasa za tangu matairi mapya zilisema: Isiolo na kurudi, kilomita 173. Dereva ni yule yule, soko ni lile lile, hospitali ni ile ile. Mji haukusonga, na barabara haikukatwa. Kilomita 13 zilikuwa zimekwenda wapi?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tukakubaliana kwamba hapa kuna mwongo. Ila haikuwa wazi tena kwamba mwongo huyo ni dereva.

JINSI ODOMITA INAVYODANGANYWA

Odomita ni kile kidirisha cha dashibodi kinachohesabu kilomita. Watu wengi hudhani inaiona barabara. Haiioni! Inachojua ni mizunguko tu. Kiwandani ilipangwa hivi: gurudumu likizunguka mara kadhaa, hesabu kilomita moja. Ukiweka tairi kubwa zaidi, kila mzunguko unameza barabara zaidi, lakini odomita haina habari. Ni kama kumtuma mtoto apime shamba kwa hatua, kisha katikati ya kazi ukamtuma baba yake amalizie. Hatua zitapungua, na shamba litaonekana limepungua.

Tuthibitishe kwa hesabu. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi. Tairi letu la zamani, ambalo bado lipo kama spea, limeandikwa 245/70R16. Maana yake ni hii: upana ni milimita 245, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ina kipenyo cha inchi 16. Herufi R yaeleza tu namna nyuzi za tairi zilivyopangwa ndani. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo rimu ni milimita 406.4. Tairi lina ubavu juu na chini, basi tunazidisha ubavu kwa mbili.

Tairi la zamani: 245 × 0.70 = 171.5; mara mbili = 343; jumlisha 406.4 = milimita 749.4.

Tairi jipya, 265/75R16: 265 × 0.75 = 198.75; mara mbili = 397.5, jumlisha 406.4 = milimita 803.9.

Gawanya 803.9 kwa 749.4. Unapata 1.07 na ushei. Kila odomita inaposema kilomita 100, gari limekwenda 107. Sasa chukua zile kilomita 173 za daftari, uzidishe kwa 1.0727. Jibu ni 186, bwana! Tulipolipata jibu hilo chumba kilinyamaza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja igizo.

Hata hivyo mlezi alitaka tushike ushahidi kwa mikono, si kwa kalamu tu. Tukatia alama ya chaki kwenye gurudumu la nyuma, tukasukuma gari uwanjani mpaka likazunguka mara kumi, tukapima kwa futi kamba. Kisha fundi akafunga ile spea mahali pake, tukasukuma tena. Tairi jipya lilikwenda mita 24.5, na la zamani mita 22.8. Namba hizi ni ndogo kidogo kuliko za hesabu kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito wa gari, lakini uwiano ni karibu ule ule. Ukitaka njia rahisi zaidi, tumia simu ya mkononi yenye ramani: linganisha kilomita zake na za odomita.

HASARA MBILI, SI MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha somo, kwa hivyo usisome mbiombio. Safari moja ya zamani ilikula lita 18.6. Safari hiyo hiyo kwa matairi mapya inakula lita 20.6. Ongezeko la kweli ni lita 2.0. Bursa aliona lita 3.3 kwa sababu aligawa kwa kilomita 173 badala ya 186. Hizo lita 1.3 zilizobaki hazikuibwa na hazikuchomwa. Hazikuwahi kuwapo! Ni kivuli cha odomita. Gari haliendi kilomita 8.4 kwa lita bali 9.0.

Lakini pia tusijidanganye upande wa pili. Zile lita 2.0 ni za kweli, zimeteketea kwenye injini, na shule inazilipia. Nani kazila? Matairi yenyewe, kwa njia nne.

Kwanza, uzito. Tairi kubwa ni zito, na uzito wake uko mbali na ekseli. Jaribu kuzungusha ndoo ya maji iliyofungwa kwa kamba fupi, kisha kwa kamba ndefu, utaelewa. Kila unapong'oa gari, injini hufanya kazi ya ziada kuyazungusha, na kila unapokanyaga breki kazi hiyo yote hupotea kama joto.

Pili, meno. Meno makubwa ya matope hukunjwa na kukunjuka kila yanapogusa lami. Kukunjwa huko hula nguvu. Ule mlio wa "vuuuu" unaousikia kwenye lami ni sehemu ya nguvu hiyo ikipotea.

Tatu, hewa. Gari lililoinuka na lenye matairi mapana husukuma hewa nyingi zaidi. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 80 hadi 100 mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini ukinzani umeongezeka kwa asilimia 56. Hapa tena mwongo wetu anarudi: spidomita nayo huhesabu mizunguko. Ikisema 80, gari liko karibu 86. Dereva anadhani anaendesha kama zamani, kumbe hewa inamkinza kwa asilimia 15 zaidi. Licha ya mafuta, hiyo ni hatari, na askari wa barabarani hataki hadithi za kipenyo.

Nne, gia. Tairi kubwa ni sawa na kuzipandisha gia zote. Kwenye tambarare gia ya tano inaweza kustahimilika. Kwenye kilima injini huzunguka polepole mno, hukokota, dereva naye hukanyaga ekseleta mpaka chini. Ukiona moshi mweusi nyuma, hiyo ni dizeli isiyoungua kikamilifu ikipeperushwa.

Na faida yake? Ekseli imeinuka nusu tu ya ongezeko la kipenyo, yaani milimita 27, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Sisemi ni bure. Kule lagani vidole viwili na meno makali vinaweza kumwokoa mgonjwa. Nasema tu kwamba matairi yalinunuliwa kwa ajili ya kilomita 20 za matope, na huku kilomita 73 za safari ni lami. Mnunuzi akumbuke njia yote, si pale alipokwama tu.

TIBA: MAMBO YA KUFANYA

Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna dawa moja ya kurudisha lita mbili, lakini ziko nyingi ndogo ndogo.

1. Rekebisha hesabu kwanza. Zidisha kilomita za odomita kwa uwiano wako kabla ya kugawa kwa lita. Nazo lita zipime hivi: jaza tangi pomoni, safiri, kisha jaza tena pomoni kwenye pampu ile ile. Lita za kujazia ndizo ulizotumia. Usiamini mshale wa dashibodi, na usihukumu kwa safari moja. Chukua angalau tatu.

2. Upepo wa tairi. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, maana yakipata moto kipimo hupanda. Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba kubwa ya ubavuni mwa tairi ni kikomo, si agizo. Kisha tumia chaki: chora mstari mnene kukata uso wa tairi, endesha moja kwa moja mita chache, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kandokando tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, hapo ndipo. Dereva akipunguza upepo ili kuvuka mchanga, aujaze tena kabla ya kushika lami. Kutembea na tairi legevu kwenye lami ni kumwaga mafuta, na tairi lenyewe hupata moto likapasuka.

3. Mwendo. Tumebandika karatasi kwenye dashibodi: "75 NI 80." Sindano ikisoma 75, gari liko 80, na hapo panatosha. Ng'oa gari taratibu. Tazama mbele, ukiona ng'ombe barabarani, achilia ekseleta mapema badala ya kukimbilia breki.

4. Gia. Usione haya kurudi gia ya nne kwenye kilima. Injini inayozunguka vizuri hula kidogo kuliko inayokokotwa.

5. Magurudumu ya mbele. Ukifika lami, ondoa nguvu ya magurudumu manne, na ufungue vile vifuli vya katikati ya magurudumu ya mbele kama gari lako linavyo. Na usiendeshe magurudumu manne yakivuta huku umevaa spea ya kipimo tofauti, utavunja difu.

6. Punguza mzigo. Keria tupu juu ya paa hushindana na hewa mchana kutwa. Kwenye pikapu yetu tulikuta pia vyuma vya vitanda vibovu vilivyosahauliwa tangu likizo!

7. Fundi akague chujio la hewa, maana vumbi la changarawe huliziba upesi. Magurudumu yalinganishwe, breki isikamate. Kama kuna pesa, yako meno ya difu ya kurudisha gia zilivyokuwa, ila ni ghali. Kwa gari la shule afadhali kuchagua tairi la wastani safari ijayo, lenye meno ya lami na changarawe pamoja.

8. Usinunue sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, wala vidonge vya kutumbukiza tangini. Hazikuongezei kilomita. Anayenenepa ni muuzaji.

MWISHO WA MAMBO

Tuliyaandika haya yote kwenye karatasi mbili, mlezi akatupeleka kwa mwalimu mkuu. Bursa naye aliitwa. Alichukua kikokotoo, akarudia hesabu mara mbili, akavua miwani. Sifa zake nazo nizitaje: hakubisha. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita mzee nyumbani kwake.

Mzee aliporudi tulimngojea langoni. Tulikuwa tumepanga maneno ya kuomba radhi, lakini nilipomwona sauti ilinikauka. Akatutazama, akasema, "Wanangu, mimi niliwaambia gari imekuwa nzito. Niliwaambia na barabara imefupika. Mkadhani mzee amezeeka." Kisha akaingia kwenye gari. Alikuwa ameiona ile tofauti tangu wiki ya kwanza, na ameiandika mwenyewe kwenye daftari kila safari, kwa mkono wake, bila kuibadilisha namba hata moja. Mwizi wa mafuta angeandika 186.

Kwa kufuata tiba nilizozitaja, safari ya Isiolo sasa inakula lita 19.4, sawa na kilomita 9.6 kwa lita. Kumi hatujaifikia tena, na kwa matairi haya sidhani tutaifikia. Hata hivyo lita 1.2 kwa safari ni lita 31 kwa muhula, na kila mtu anajua bei ya dizeli inavyotangazwa tarehe 14 ya mwezi tukishika vichwa.

Igizo letu tulilichana. Siku ya Wazazi tulionyesha lile jaribio la chaki na futi kamba, na mzee ndiye aliyeshika usukani tulipokuwa tukisukuma. Jina la Mzee Dizeli limekufa. Tunamwita Baba.

Nikitamatisha, mpenzi msomaji, chombo kinachopima chaweza kuwa kibovu kabla ya mtu kuwa mbaya. Pima kwanza, laumu baadaye.

ZOEZI

1. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 215/75R15. Mwenyewe ameweka 235/75R15. Tafuta vipenyo viwili na uwiano wake.
2. Odomita ya gari hilo imesoma kilomita 240, na tangi limejazwa kwa lita 25. Gari limekwenda kilomita ngapi kwa lita, kikweli? (Ukipata karibu 10, umeelewa somo.)
3. Eleza kwa nini dereva anayetaka kuiba mafuta angependa odomita isome zaidi, si pungufu.
4. Andika insha itakayomalizika kwa maneno haya: "...ndipo nilipojua kwamba njia ya mwongo ni fupi."

MSAMIATI

Chujio la hewa: kifaa kinachozuia vumbi lisiingie kwenye injini.
Difu: meno yanayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya kushoto na kulia.
Futi kamba: utepe wa kupimia urefu.
Keria: fremu ya kubebea mizigo juu ya paa la gari.
Kipenyo: urefu wa mstari unaokata duara katikati.
Laga: mto mkavu ambao hujaa ghafla mvua ikinyesha.
Ukinzani: nguvu inayopinga mwendo wa kitu.
Uwiano: jibu la kugawa kipimo kimoja kwa kingine.